Kijito Kiitwacho Kamira

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sihitaji kuitafuta kichwani. Inakuja yenyewe kila ninaposikia maji yanatembea bila kelele. Na mimi mtu mzima mwenye mvi, niliyezaa na kuzika, naacha ndagala zangu, hawa dagaa wa ziwani, juani, nakaa chini kidogo mpaka ipite. Leo nataka nikusimulie siku hiyo. Utaogopa. Hata mimi naogopa ninapoanza.

Kilichoniamsha ni neno la mjukuu wangu. Wiki iliyopita alirudi hapa nyumbani Rugenge, mtaani kwetu Uvira, suruali imelowa mpaka mapajani. Nikamwuliza amevuka wapi. Akasema, "Koko, tulipita mu kale kamuto ka kwa antena." Nikamwuliza kamto hako kanaitwaje. Akacheka. Kanaitwa hivyo hivyo, kwa antena. Dada yake akaongeza kwamba kengine, kale ka chini, kanaitwa kwa depo ya bia. Nikawageuzia mgongo. Maji yaliyokuwa yakishuka mlimani kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, leo yanaitwa kwa depo ya bia. Wao walidhani nimekasirika. Nilikuwa naogopa, maana najua kwamba mtu anaweza kufa kwa kutojua jina la maji, na mimi nilibakiza kidogo sana nife hivyo.

Nilikuwa msichana, bado sijaolewa. Jina langu Feza. Nilizaliwa hapa hapa mjini. Baba aliongea nasi Kiswahili, walimu waliongea nasi Kifaransa, na Kifuliiru cha mama tulikiacha jikoni pamoja na masufuria. Mama alikitumia kutugombeza na kutunywesha dawa. Nusu yake niliielewa, nusu nyingine niliionea haya. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini msichana wa mjini aliyejifunza kusema bonjour vizuri anawasikiliza wahenga wapi?

Mwaka huo shangazi yangu, dada ya baba, aliyeolewa Luberizi, alituma neno kwamba mpunga umekomaa na mikono haitoshi. Nikapanda lori kwenda tambarare. Kazi yangu ikawa kufukuza ndege mashambani asubuhi, na mchana kumlea mtoto wa shangazi, Zawadi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea.

Jirani yetu alikuwa mama mzee aliyeitwa Butoyi. Aliongea Kirundi, kama watu wengi wa tambarare ile, na kwa Kirundi jina hilo hupewa pacha mdogo. Pacha wake mkubwa alikuwa amekufa zamani. Sote tulimwita Koko, yaani bibi, Koko Butoyi. Alikuwa mfupi, mkavu, nyayo zake zimepasuka kwa maji ya mpunga, na alikuwa na tabia moja iliyonichosha sana. Kila mfereji, kila kijito, alikitaja kwa jina kabla hajakivuka, kama mtu anayebisha hodi kwa watu.

Siku moja nikamcheka. "Koko, mayi inakujibuka?"

"Inanijibu," akasema. "Weye ndiye huisikii."

Mwanangu, sitakueleza fujo za miaka ile zilianzaje. Nadhani hata waliozifanya hawakujua. Nitasema tu kwamba siku hizo masikio ya watu yalikuwa makali. Mtu akifungua kinywa sokoni, wengine walinyamaza wasikie anatamkaje, ni mtoto wa lugha gani. Watu waliochunga ng'ombe pamoja, waliobatiziana watoto, walianza kusalimiana kwa mbali. Shangazi alikuwa bado anamwomba Koko Butoyi chumvi, na Koko alikuwa bado anakuja kuota moto kwetu, lakini niliona majirani wengine wakihesabu nani anaingia kwa nani.

Basi, siku ile shangazi na mume wake walikuwa wameenda msibani Kamanyola. Waliniachia nyumba na mtoto. Zawadi alikuwa na homa, amelala mgongoni kwangu kama jiwe lililotolewa motoni. Jua lilikuwa limepanda vizuri tuliposikia risasi upande wa barabara. Mwanzo zililia moja moja, kama mtu anayevunja kuni. Halafu zikaungana.

Watu wote wakaanza kukimbilia barabarani, kwa sababu barabara ndiyo inayokwenda Uvira, na Uvira ndiko kila mtu alikokuwa na ndugu. Mimi pia nilikaza kitenge cha mtoto nikaanza kukimbia. Koko Butoyi alinikamata mkono mbele ya nyumba.

"Unakimbilia wapi?"

"Barabarani, Koko! Bantu bote banaenda!"

"Na risasi iko wapi?"

Nikasikiliza. "Iko barabarani."

"Basi," akasema.

Tukashuka mashambani. Yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na mtoto. Tulikuwa na nguo tulizovaa, na kipande cha muwa ambacho Koko alikichomoa kwenye paa la jiko lake tukiondoka. Tulifuata upande wa kusini, barabara tukiiacha mbali kulia kwetu. Nyuma yetu moshi ulianza kupanda. Sikugeuka kuangalia ni nyumba ya nani. Mpunga ulikuwa umesimama kimya, hakuna mtoto anayepigia ndege kelele, na ndege wenyewe walikuwa wameondoka wote. Nilikuwa sijawahi kuona shamba la mpunga lisilo na ndege.

Kijito cha kwanza tulikisikia kabla ya kukiona. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na maji yalishuka ya rangi ya chai, yakipiga kelele na kutupa povu. Nikasimama.

"Koko, hapana. Hii itatubeba."

"Hii ni Nyamabuye," akasema. "Mabuye ni mawe. Aliyeipa jina aliingia na miguu yake, akakuta mawe chini. Kelele hiyo ni ya mawe. Mayi inayopiga kelele inakuonyesha pale iko. Nipe mukono."

Maji yalinifika kiunoni. Nilijiona nimekufa. Lakini kila nilipoteremsha mguu, mguu ulikuta jiwe, na baada ya jiwe jiwe jingine, kama ngazi iliyolazwa. Tulitoka ng'ambo tumelowa, Zawadi akilia kwa baridi, na Koko akampa kipande kidogo cha muwa anyonye. Akanyamaza.

Mbele kidogo tukafika mahali pazuri. Nasema pazuri, mwanangu, kwa sababu ndivyo palivyokuwa. Majani mabichi, tambarare kabisa, na katikati mstari wa maji kidogo usiozidi upana wa mkeka. Hata njia ilionekana, majani yamelala upande mmoja kama yaliyokanyagwa. Miguu yangu ilikuwa tayari imeshika njia hiyo.

"Rudi," Koko akasema bila kupandisha sauti. "Hii ni Rusayo. Gusaya ni kuzama mu matope."

Tukaizunguka. Mzunguko ulikuwa mrefu, jua linachoma, na risasi bado zinasikika. Nilinung'unika moyoni kwamba mzee huyu ataniua kwa kunizungusha. Ndipo nilipotazama katikati ya yale majani mazuri nikaona usukani wa baiskeli. Usukani tu, na kengele yake inametameta juani. Sikuuliza mwenye baiskeli yuko wapi. Koko naye aliuona, akafanya ishara ya msalaba, tukaendelea. Tangu hapo sikunung'unika tena. Nilikanyaga pale alipokanyaga.

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipofika kijito cha tatu. Hapo Koko Butoyi akasimama na hakusema jina lolote.

Nilingoja. Maji yalikuwa meupe, safi, hayafiki kwenye kifundo cha mguu, yakitembea polepole juu ya mchanga mzuri kama wa ufukweni kwetu. Hakukuwa na kelele wala povu. Ng'ambo kulikuwa karibu, kuna njia ya udongo mwekundu inayopanda kwenye migomba, na migomba ile nilijua ni ya kwao mama. Nyumbani kwa mjomba wangu hakukuwa mbali. Na nyuma yetu, mwanangu, kwa mara ya kwanza tukasikia mluzi. Mtu alipiga mluzi, na mwingine akamjibu kutoka upande mwingine.

"Koko, tuvuke!"

"Huku sikujui," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. "Wakati niko na nguvu, mwisho wangu ulikuwa kule Rusayo. Hii mayi inaitwa nani?"

"Sijui. Tuvuke tu, banakuya!"

"Mama yako si wa huku?"

"Mama ni wa huku, minye ni wa mujini! Majina ya mayi ya kwabo sijui!"

Akanishika kidevu. "Weye ulinyonya mu lugha gani, Feza? Titi lilikuwa la Kifaransa? Tazama mulima. Tazama ile barabara kule juu. Mama yako akipita hapa anasema nini?"

Nikatazama. Mbali, upande wa mlimani, niliona daraja la barabara kuu, lile ambalo chuma chake cha pembeni kimepinda. Nikalijua. Tulikuwa tukipita hapo na mama kwenye lori kila tulipokwenda kumsalimia babu. Kila mara, lori likigusa daraja, mama alifanya ishara ya msalaba na kusema neno moja kwa sauti ndogo. Mimi nilidhani ni mwisho wa sala. Na neno hilo hilo alilisema nyumbani kitu kikipotea. Kijiko hakionekani, kuku hajarudi, mama anasema, "Ameenda Kamira." Tulicheka. Nilipokuwa mdogo nilidhani Kamira ni mwizi wa zamani aliyewatesa watu wa kwao.

"Kamira," nikasema. "Inaitwa Kamira."

"Na maana yake?"

"Sijui, Koko."

"Iko neno ndani ya jina. Litoe."

Mluzi ukalia tena, karibu zaidi. Na pale, sijui ni Mungu gani anayefanya kazi ya namna ile, nikasikia mdomoni ladha ya kwinini. Nilipokuwa na malaria mama alinibana kichwa katikati ya magoti yake, akaniwekea kidonge kichungu ulimini, akaniambia kwa lugha yake: Mira! Meza! Na mimi nameza nikilia.

"Kumira," nikasema. "Ni kumeza, Koko. Kamira ni kale kanakomeza."

Koko Butoyi akafumba macho. "Na siye tunasema vile vile," akanong'ona. "Mira."

Akaokota jiwe akalitupa pale maji yalipokuwa safi kabisa. Jiwe likakaa juu ya mchanga. Mchanga ukasisimka, kama ngozi ya ng'ombe inavyofukuza nzi, halafu jiwe halikuwapo. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya kile hata mshindo hakikuwa nao.

Hatukuwa na muda wa kufika darajani. Tukaingia ndani ya matete kando ya maji, tukachuchumaa. Nilimpa Zawadi kipande cha mwisho cha muwa na kumwekea mkono karibu na mdomo, tayari. Mwanangu, ukimpenda mtoto na mkono wako uko tayari kumziba pumzi, hapo ndipo utajua woga ni nini. Nilisikia moyo wake unapiga mgongoni kwangu, wangu unapiga mbele, na nikaogopa kwamba mioyo hiyo inasikika nje.

Akatokea mmoja. Alikuwa kijana, ndevu hazijaota vizuri, na buti za mpira zilizomzidi miguu. Bunduki mkononi. Wenzake walikuwa bado nyuma, wanaitana kwa miluzi. Mpaka leo sijui alikuwa wa upande gani. Alisimama, akatazama ng'ambo, akatazama maji. Akaona yale niliyoyaona mimi: maji kidogo, mchanga mzuri. Akashuka.

Nikamhisi Koko Butoyi anaanza kuinuka. Nikamkamata mkono kwa nguvu zangu zote. Nikatikisa kichwa. Alinielewa, na wewe pia unanielewa. Akautoa mkono wake kwenye wangu, kidole kimoja kimoja, akasimama wazi juu ya matete.

"Rudi nyuma, mwanangu! Usiongeze muguu! Hiyo mayi inaitwa Kamira, inamira bantu!"

Kijana aligeuka na bunduki ikageuka naye. Niliuona mdomo wa bunduki ukitutazama, mweusi, mdogo.

"Nani iko mule? Tokeni!"

"Ni minye, muzee mwanamuke. Rudi kwanza, utaniua ukiisha kutoka."

Akataka kurudi. Alivuta mguu na mguu haukuja. Akauweka mwingine mbele ili ajisukume, nao ukaingia mpaka gotini. Nikaona uso wake ukibadilika, ukawa uso wa mtoto. Akapigana na ule mchanga, na kila alipopigana ulimshusha. Ukafika mapajani.

"Mama!" akasema.

Koko alikuwa tayari anakifungua kitenge mgongoni kwangu. Nilimlaza Zawadi chini, naye akafungua kinywa akatoa kilio chote nilichokuwa nimemzuilia tangu asubuhi. Koko akavua na kitenge chake mwenyewe, akabaki na sketi ya ndani, akavifunga viwili kwa fundo.

"Lala!" akamwambia kijana. "Lala na tumbo, usipigane nayo! Tupa hiyo kitu, shika nguo!"

Kijana akatazama bunduki, akatutazama. Halafu akairusha ukingoni. Ilianguka karibu na mguu wangu.

Tulivuta. Mikono yangu ilivuta lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile bunduki. Sikujua kuitumia, sikujua hata inashikwaje. Nilijua jambo moja tu, kwamba akitoka ataichukua.

"Feza!" Koko akanifokea. "Vuta!"

Nikavuta. Alitoka polepole, kama ndama mgumu anavyotoka kwa mama yake. Buti moja ilibaki. Alijilaza kwenye majani akatapika maji na mchanga. Kisha akakaa. Kisha akasimama, akaokota bunduki yake, akaipangusa kwa shati.

Ni hapa, mwanangu, woga wa siku ile ulipojenga nyumba. Alisimama mbele yetu na bunduki, na Koko hakuwa hata na nguo ya kujifunika. Zawadi alikuwa analia. Kutoka nyuma ya matete sauti ya mwanamume ikauliza, "Kuko nini kule? Nani analia?"

Kijana akamtazama mtoto. Koko Butoyi hakuomba. Alikuwa amekaa chini, anahema, kitenge kilicholowa mkononi. Mimi nilianza Salamu Maria na nikaisahau katikati.

"Hakuna njia huku!" kijana akapiga kelele. "Mayi mubaya, imekamata buti yangu! Ni bantu ba shamba tu, na mutoto mugonjwa. Minakuya!"

Tukasikia kicheko mbali. Akageuka aondoke. Halafu akarudi hatua moja, akauliza kwa sauti ya chini, "Koko, umesema inaitwa nani?"

"Kamira."

"Kamira," akarudia. Akaenda, mguu mmoja una buti na mwingine mtupu.

Tulikaa hapo mpaka miluzi ikapotea kabisa. Tukapanda kando ya maji hadi darajani. Barabara ilikuwa tupu, ndala za watu zimetapakaa juu yake, ndala za wakubwa na za watoto. Tulivuka tukikimbia, Koko naye akikimbia, fimbo mkononi. Jua lilikuwa linazama tulipopiga hodi kwa mjomba.

Mjomba alinikumbatia, akamshika mtoto paji la uso, akamwita mkewe alete maji. Kisha Koko Butoyi akamsalimia, na mjomba akaisikia sauti yake, namna anavyotamka. Mkono wake ukabaki kwenye mlango.

"Na huyu?" akaniuliza kwa Kifuliiru.

Nikamjibu kwa Kifuliiru, kibovu, cha jikoni, lakini cha mama yangu. "Ni koko wangu."

Nilifikiri, baada ya yote haya, tutafia mlangoni kwa ndugu. Kisha akausukuma mlango ukafunguka wote.

Asubuhi nilimkuta Koko amekaa jikoni anamenya mihogo ya mke wa mjomba. Nikakaa kando yake. Hakuniangalia.

"Jana ulinishika mukono," akasema.

"Niliogopa, Koko."

"Hata minye niliogopa. Nilijikojolea, Feza, hukuona? Woga si aibu." Akamenya kidogo. "Lakini ulitikisa kichwa."

"Yule alikuja kutuua."

"Labda. Sikumuuliza. Lakini sikiliza. Yule wa zamani aliyeita ile mayi Kamira, labda alipoteza ng'ombe pale. Labda alipoteza mutoto. Akaacha jina ili mwingine asipotee. Hakusema, hawa muwaambie, wale muwafiche. Weye ukijua jina la mayi na ukanyamaza, muntu akaingia, weye na ile mayi muko kitu kimoja."

Hakunena tena juu ya jambo hilo, siku ile wala nyingine. Shangazi na mume wake walitufuata hali ilipotulia kidogo, wembamba kwa kutulilia. Zawadi alipona, leo anakaa Mulongwe na watoto wake wakubwa kuliko nilivyokuwa mimi. Nyumba ya Koko Butoyi iliungua. Aliijenga upya palepale, na kila mavuno nilikwenda kumsalimia mpaka alipozikwa Luberizi, na pale kaburini watu wa lugha zote mbili walishika jembe. Yule kijana sikumwona tena. Bado namtafuta sokoni katika nyuso za wanaume wa umri wake, na sijui nikimwona nitakimbia au nitamsalimia.

Niliporudi Uvira nilikaa na mama jikoni, nikamwomba aniambie majina ya maji yote ya kwao na ndani ya kila jina mna nini. Alidhani nimeugua. Kisha akaanza, na hakumaliza siku hiyo.

Sasa nakuambia wewe, mwanangu, maana siku hizi tena usiku silali vizuri. Naona watu wanapita na magodoro vichwani kwenye barabara ile ile. Ziwa limepanda likameza nyumba za watu, mito inaacha njia zake, na ninyi watoto mnaikimbia hatari bila kujua mnakanyaga nini. Kuuliza si ujinga. Kabla wiki hii haijaisha, kaa na mama yako, au bibi yako, au mzee yeyote aliyebaki kwenu, umwulize maji mnayovuka yanaitwaje. Usiridhike na jina tu, mwulize maana. Halafu nenda kwa jirani ambaye lugha yake si yako, umwulize yeye anayaitaje. Pengine utakuta neno ni moja. Pengine utakuta yeye anajua jambo ambalo kwenu lilisahaulika. Wala usione haya kwa lugha ya jikoni kwenu, hata ukiijua kwa nusu. Nusu hiyo itunze.

Na mtu akisimama mbele ya maji mabaya ambayo wewe si mgeni nayo, mwambie. Usimsikilize kwanza anatamkaje. Usimwulize baba yake nani. Mwambie, hata kama sauti yako inatetemeka, hata kama unajua akitoka anaweza kukugeukia. Mimi siwezi kukuahidi kwamba hatakugeukia. Koko Butoyi hakuwa na ahadi hiyo alipoinuka.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu aliyetuumba mbele ya ziwa hili akulinde uendako na urudiko. Akupe wazee wa kuwauliza wakati bado wana pumzi, na watoto watakaokuuliza wewe wakati ukifika. Mlango utakaoubisha ufunguliwe, na wako usiufunge. Ulale salama, na jirani yako alale salama. Amina.